Zohali Niliyowekewa

Watu wa kwingine wakisikia kwamba Rungwe tuliwahi kuwa na klabu ya kutazama nyota, hucheka kabla sijamaliza kusema. Siwalaumu. Kwetu mvua ndiyo mwenyeji na jua ndilo mgeni, na ukianika nguo Kyimo ujue utazitoa na kuziingiza mpaka jioni, na bado utalala nazo mbichi. Lakini klabu ilikuwepo. Mkuu wake alikuwa baba mkwe wangu, na mimi niliyeishi naye kaya moja, nikimpikia kila siku, nilikuwa pengine mtu pekee pale kijijini ambaye hajatia jicho kwenye darubini yake.

Nieleze mapema, asije mtu akafikiri tulikuwa na ugomvi. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto humtila baba mkwe wake. Kutila ni kuogopa kwa heshima. Humtazami usoni, wala yeye hakutazami. Hamsalimiani. Ukimsikia anakohoa njiani unaingia kwenye migomba mpaka apite, na yeye naye, kama ni mtu mwenye adabu, anakohoa mapema ili upate nafasi ya kuingia. Chakula unapika wewe, anapeleka mwingine. Nimeishi kwenye kaya ile miaka mingi na kilichonikaa kichwani cha baba mkwe ni kikohozi, kofia ya sufu kwa mbali, na sauti yake ikipita juu ya ua.

Nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nyumbani kwetu Masoko mambo hayo yalishaachwa, wake za kaka zangu walikuwa wanakaa na baba yangu kwenye benchi moja wakichambua maharage na kumsema mchungaji. Kwa hiyo nilipoolewa Kyimo nikaambiwa habari ya kutila, nilicheka. Mama mkwe hakucheka.

"Mimi nimemtila baba yake huyu mzee mpaka siku anazikwa," aliniambia. "Kilichonishika mimi, wewe kikuachie kwa lipi?"

Baba mkwe alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu, tena mzee wa kanisa. Angeweza kulimaliza jambo lile kwa neno moja, na kwa muda mrefu nilimkasirikia kwa kutolisema. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba katika ndoa yao alishamkataza mkewe mengi kwa ajili ya kanisa: pombe, ngoma, tambiko la wazee wake. Hili moja alikuwa amemwachia. Mume wangu, ambaye alikuwa dereva Mbeya na alikuja mwisho wa mwezi, alisema haya ni mambo ya wanawake, akavuta shuka.

Darubini ilitoka kwa mzungu mmoja wa kujitolea aliyefundisha naye sekondari. Alipoondoka aliona mzigo ni mkubwa, akamwachia rafiki yake. Lilikuwa bomba jeupe, nene kama mkungu wa ndizi uliokomaa, limekaa juu ya sanduku la mbao linalozungushwa kwa mkono. Baba mkwe aliizunguka kwa miaka kama mtu aliyepewa ng'ombe wa kigeni, kisha akaamua kwamba kitu kile hakiwezi kuwa cha mtu mmoja. Akawapata wenzake wawili wa kushikamana naye: muuguzi wa kike wa hospitali ya misheni, na mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa na betri Tukuyu mjini, aliyezijua nyota kwa majina ya Kiarabu kutoka kwa babu yake. Wakaomba banda bovu la chama cha ushirika, lile la kahawa lililokuwa mwisho wa shamba letu. Mwenye duka akatoa bati. Wakalikata paa katikati, wakaliweka juu ya reli za chuma, likawa linavutwa upande mmoja mbingu ionekane.

Paa lile lilikuwa linalia, Mungu wangu. Lilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Hakuna aliyehitaji tangazo: ikiwa ni kipupwe, ikiwa ni Jumamosi, bati likilia tu baada ya chakula cha jioni, watu walijua mbingu iko wazi na klabu inakaribisha. Walitoka Nkunga, walitoka kwenye mashamba ya chai, wengine walikuja kwa sababu wameshachoka kukaa na wake zao. Ilikuwa ndiyo miaka ya ruksa, biashara zimeachiwa, mitumba imejaa gulioni, na kwa baridi ile kila mtu alivaa alichopata. Nilikuwa nawaona wakipita na makoti mazito ya kofia za manyoya, kijiji kizima utadhani kimeshuka kutoka Urusi.

Mimi nilibaki jikoni. Nisingeweza kwenda, maana kila anayetazama alisimama bega kwa bega na baba mkwe. Yeye ndiye aliyelisogeza bomba, kwa kuwa darubini ile haikuwa na mashine ya kuifuata nyota. Dunia inazunguka, alikuwa akiwaambia kwa sauti ya darasani ambayo niliisikia mpaka kwenye mafiga, kwa hiyo nyota haikai; inaingia upande huu, inapita, inatoka upande ule, lazima mtu aisukumie tena bomba mbele. Kisha nilisikia kimya, halafu mtu mzima anapiga kelele kama amekanyaga siafu. Hiyo ilikuwa Zohali.

Waliporudi walipitia jikoni kuota moto, wakanieleza. Ina pete, jamani. Imezungukwa na pete, haiigusi wala haianguki. Muuguzi alisema ni nyeupe kiasi kwamba unahisi mtu ameibandika kwenye kioo. Mwanamke mmoja wa Nkunga alitia jicho, akatoka, akaenda kuchungulia mdomoni mwa bomba kuona ni nani aliyebandika. Nilicheka nao, nikawamiminia chai. Lakini wivu ulinikaba, nisifiche. Niliitaka ile Zohali kama mja mzito anavyotaka udongo.

Siku moja nilimwambia mama mkwe, tukimenya ndizi, kwamba nitakufa bila kuona kitu kinachoonwa hata na walevi wa kilabuni. Nilisema kwa mzaha. Yeye akaendelea kumenya. Kumbe usiku ule alimfikishia mzee, kitandani, kama wanawake wanavyofikisha mambo.

Nikaanza kuona vituko. Jioni moja mama mkwe aliniambia nikae jikoni nisitoke. Nikachungulia kwenye ufa: anatembea kutoka jikoni kwenda bandani, taratibu, amejifunga kitenge mpaka machoni, anafika anakaa, anainuka anarudi. Bandani mzee anapiga kelele: "Tena! Sasa tembea kama mtu mwenye aibu!" Mama mkwe akarudi jikoni anahema na kucheka mpaka machozi.

"Mzee amepata wazimu," alisema. "Anataka kujua mwendo wako."

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Mimi na yeye tusingeweza kuwa bandani pamoja. Lakini akiielekeza darubini kwenye Zohali, halafu akaondoka mpaka mahali pa heshima, halafu mimi nikaja, nitakuta nyota imeshatoka zamani, natazama giza tupu. Kwa hiyo asingeielekeza kwenye Zohali. Angeielekeza mbele yake, mahali ambapo bado haijafika, kisha aondoke. Mimi ningekuja, ningekaa, ningetazama mahali patupu, nami nikiwa nimetulia Zohali ingeingia yenyewe. Yote yalitegemea mwendo wa mtu mwenye aibu. Kila jioni yenye mbingu wazi aliwasha taa ya kandili, akajaribu na mkewe, akasogeza bomba kidogo, akajaribu tena.

Nilipoelewa, nilikaa chini. Sikuwahi kupewa kitu na mwanamume yeyote kwa jasho namna ile, hata mahari sikuihesabu hivyo. Mtu ambaye hajawahi kuniona alikuwa anapima hatua zangu.

Jumamosi ikafika, bati likalia, watu wakajaa. Baba mkwe aliwapitisha wote kwanza kwenye mwezi na vishada vya nyota na nini sijui, kisha akawaomba wasogee. Kutoka jikoni nilisikia anamwambia mkewe kwa sauti, ingawa alijua fika maneno yanakwenda kwa nani: "Mwambie mwenzio asiguse bomba. Asipumulie kioo. Itaingia kwa kushoto. Asikate tamaa akiona peusi, subira huvuta heri."

Akaondoka, kuelekea kwenye mibuni. Akakohoa mara ya kwanza, akakohoa tena kwa mbali. Mama mkwe akaniambia, haya.

Nilitembea nikiwa nimejifunika, na niwaambie, mwendo wa mtu mwenye aibu ni rahisi kuufuata ukiwa na aibu kweli. Watu wote walikuwa wamenyamaza wakinipisha. Muuguzi alinishika mkono, akanikalisha kwenye kigoda, akakielekeza kichwa changu mpaka jicho likakuta tundu. Nikaona peusi. Peusi pazuri, penye vumbi la nyota mbili tatu, na pote panatembea taratibu kama maji ya mfereji. Nikasubiri. Sikupumua. Kushoto pakaanza kung'aa. Nakumbuka jinsi ulivyoanza, weupe unaobisha hodi pembeni, nikajua ni yenyewe, inakuja kama alivyosema.

Ndipo weupe ukasambaa. Ukaenea kioo kizima kama maziwa yaliyomwagika kwenye maji, ukafifia, vumbi la nyota likazimika. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlima Rungwe. Tone la kwanza la mvua likanipiga shingoni.

Watu wakaanza kupiga kelele bati lifungwe. Kioo kikilowa kimekwisha, kila mtu alilijua hilo. Wanaume wameshashika paa, lakini hakuna aliyethubutu kulivuta nikiwa nimekaa pale, na huko kwenye mibuni, kwenye baridi na mvua, mzee akaita:

"Ameiona?"

Nilifungua mdomo. Lakini mkamwana hawezi kumrushia baba mkwe sauti gizani, sauti ni sawa na uso. Nikamgeukia mama mkwe nimtikisie kichwa. Sijui kama alikiona. Giza lilikuwa giza.

"Ameiona!" mama mkwe akajibu. "Ameiona, vuteni bati!"

Bati likalia. Na ndani ya kelele ile nilimsikia baba mkwe kule kwenye mibuni, anacheka. Hakikuwa kicheko cha mwalimu. Alicheka kama mtoto aliyeshinda mbio, akaanza kusema "Ndaga! Ndaga fijo!" anamshukuru nani mimi sijui, labda Zohali yenyewe.

Usiku ule mama mkwe alinifuata jikoni nikikausha kitenge.

"Ulitaka nimwambie nini?" aliniuliza kabla sijasema lolote. "Mzee amesimama kwenye mvua."

"Nimekulaumu, mama?"

"Utaona Jumamosi nyingine. Mimi mwenyewe nitakuingiza."

Asubuhi nikaletewa chane ya ndizi mbivu, zile tamu ndogo alizokuwa akizifunika mwenyewe kwenye majani. Zilikuwa pongezi. Nilizila. Jumapili tukitoka kanisani, nikiwa kati ya wanawake nimeinamisha kichwa, nilisikia anamwambia mwenye duka, ambaye alimsubiri nje na baiskeli: hata mkamwana wangu ameiona, na wala hatukuvunja kitu.

Sasa hapo ungefanyaje? Jumamosi iliyofuata palikuwa na mawingu. Iliyofuata tena bati lililia, lakini nani angemwambia mzee apange upya vile vituko vyake kwa mtu ambaye ameshaona? Kusema kwamba sikuona kulikuwa kumfanya mama mkwe mwongo mbele ya mumewe, tena kwa uongo alioutoa kwa huruma. Na kumnyang'anya mzee furaha ile. Tukaona, sisi wanawake wawili, kwamba tunamhifadhi. Kila msimu tuliambizana mwakani.

Mwakani ikawa na mambo yake. Ushirika ulilegea, wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa na magari mapya na fedha mkononi, na mmoja wao akalitaka banda. Halikuwa letu, tungesema nini. Akalirudishia paa la kudumu, akafunga na taa ya jenereta mlangoni, kali kiasi cha kuwachanganya nondo wa Kyimo yote. Bati halikulia tena. Darubini ilifunguliwa ikaingizwa uvunguni mwa kitanda cha baba mkwe, kwenye chumba ambacho mimi nisingekanyaga. Vijana nao walishapata kibanda cha video njia panda, watu wanapigana mateke mpaka mkanda unakatika, na hapo hakuna wingu. Muuguzi alihamishwa. Mwenye duka alikuja mara chache, wakakaa barazani wawili wakibishana majina ya nyota huku mvua inanyesha. Unyevu wa kwetu nao haukai bure. Mume wangu alipolitoa bomba siku moja alikuta kioo kimeota ukungu wa kijani, kama mkate uliosahauliwa.

Kisha mzee akaugua kifua. Alilala miezi ile yote ya masika kwenye chumba cha nyuma, kilichopakana na jiko jipya tulilokuwa tumejengewa, ukuta mmoja wa matofali mabichi katikati. Nilikuwa namsikia akipumua nikikoroga uji. Alikuwa karibu nami kuliko wakati wowote.

Jioni moja mama mkwe alikuwa jikoni nami anasuuza kikombe chake cha dawa. Kutoka upande wa pili wa ukuta, sauti ikasema:

"Mwanangu. Upo?"

Mama mkwe akaacha kusuuza. Hakuwa anamwita yeye. Mkewe hakuwahi kumwita hivyo. Nilimtazama anipe ruhusa au anikataze. Aliinamia kikombe.

"Nipo, tata," nikasema. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake.

"Ile Zohali. Pete yake, siku ile, ilikuwa imelalia upande gani? Najaribu kuikumbuka, inanikataa."

Ningeweza kubahatisha. Zilikuwa pande mbili tu. Lakini mtu huyu alikuwa amevunja jambo alilolishika maisha yake yote ili aniulize swali moja, na mama mkwe alikuwa ameketi pale na maji yanamdondoka vidoleni, na uso wake ulikuwa umesharuhusu.

"Sikuiona, tata. Wingu lilitangulia."

Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Ni mimi niliyesema," mama mkwe akasema kwa sauti ya juu, akiuambia ukuta. "Ulikuwa unalowa."

Nilisubiri hasira, au kuugua, au kile kimya cha kuumizwa ambacho tulikuwa tukikiogopa miaka yote ile. Kilichokuja ni kikohozi kirefu, na ndani yake kitu kama kucheka.

"Mwe jamani," alisema. "Si mngeniambia? Ningekuwekea tena."

Ni hivyo tu. Hakukasirika hata kidogo. Jumamosi inayofuata, alisema, na nyingine, na nyingine, mpaka ingekaa. Alikuwa ameshaujua mwendo wangu. Kisha akauliza kama darubini bado ipo uvunguni. Mama mkwe akasema ipo. Hakumwambia habari ya ukungu wa kioo. Mzee akasema basi tungoje, maana miaka hii Zohali imetugeuzia ukingo wa pete, ni nyembamba haionekani, ukitazama utaona tufe tupu. Itafunguka tena, pole pole. Ikifunguka ataniwekea.

Alizikwa kabla mvua hazijakatika. Pete haikuwa imefunguka. Nilikuwa nimejifunika nyuma ya wanawake wengine, na sura yake niliyoiona ni ya kwenye picha waliyoiweka juu ya jeneza. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Najuta. Nimejaribu kulitafutia jambo hili mkosaji na sijampata. Mama mkwe alimhurumia mumewe, mimi nilimheshimu mama mkwe, mzee alituheshimu sote, na kati ya heshima zote hizo neno moja dogo halikupata njia. Mama mkwe naye kabla hajafa aliniambia kwamba kuna usiku anasikia bati likilia. Nikamwambia hata mimi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mvi zangu, nilimtembelea binti yangu Mbeya. Shule ya jirani ilikuwa imekaribisha watu kutazama nyota uwanjani, na mwalimu mmoja wa kike ana darubini ya kisasa, fupi na nene, yenye mota inayonguruma kidogo. Nilipanga foleni na wazazi. Zamu yangu ilipofika, mwalimu akasema, "Tazama, mama, nimeshakuwekea, ipo katikati."

Niliondoa uso kabla jicho halijafika. Nikamwomba azime mota. Akashangaa. Nikamwomba tena, alisogeze bomba mbele kidogo, mahali ambapo Zohali bado haijafika, aniachie. Nadhani aliniona nimechanganyikiwa, lakini wakubwa hawabishiwi, akafanya.

Nikainama. Pakawa peusi. Nikazuia pumzi. Iliingia kwa kulia, siyo kushoto. Mwalimu alisema baadaye kwamba mashine zinatofautiana vioo. Iliingia taratibu, ndogo, kali, na pete yake imefunguka, imelala upande kama kofia ya mtu anayejidai. Ikapita katikati. Ikaenda zake. Niliifuata kwa jicho mpaka ukingoni ilikotokomea, na hapo nikasema kwa sauti kubwa, sauti ambayo mkamwana hatakiwi kuitoa, watu wote wa foleni wakageuka:

"Nimeiona!"

Mwalimu akadhani namwambia yeye. Akawasha mota yake, akanishika kiwiko kwa upole kunisogeza pembeni.

"Haya, mama," akasema. "Karibu tena."